Marufuku Tunazozitii na Taka Zisizo na Mwenyewe

Tarehe 1 Juni 2019 wananchi wa Tanzania Bara walifanya jambo ambalo walimu wa sera za umma hulitaja kuwa miongoni mwa mambo magumu kuliko yote: waliacha mazoea ya zaidi ya miaka thelathini kwa usiku mmoja. Jioni ya Mei 31 mfuko wa rambo ulikuwa bado ukining'inia katika magenge. Asubuhi yake wauza mchicha wa Kariakoo, Mwanjelwa na Kirumba walikuwa wakiwauliza wateja wao kama wamekuja na vikapu. Hapakuwa na mgomo wa wafanyabiashara wala maandamano. Sheria ilitangazwa, ikatiiwa.

Atakayepita leo katika masoko hayohayo atakuta nyanya zikifungwa katika vifuko vyepesi vyenye kung'aa, visivyo na mikono ya kushikia, vinavyoitwa vifungashio. Mvua za masika zikianza, mitaro inatapika chupa za maji na za soda. Pembezoni mwa barabara taka zinachomwa jioni, na moshi wake unaingia katika vyumba walimolala watoto.

Hapa ndipo linapozaliwa swali ninalotaka tulitafakari: imekuwaje taifa lililotii marufuku kwa kiwango hicho likashindwa kuziondoa taka mitaani mwake? Jibu la haraka, ambalo hutolewa na viongozi wengi na hata baadhi ya wanafunzi wangu, ni kwamba wananchi hawana elimu. Sikubaliani nalo. Watu waliobadilika kwa usiku mmoja hawakukosa elimu. Historia inatuelekeza kwingine: kwa muda mrefu dola yetu imekuwa hodari wa kukataza kitu, na dhaifu wa kuamua kwamba taka ni za nani.

Plastiki ilikuja kwanza kama mshindani

Wengi hudhani kwamba nchi yetu ilikutana na plastiki kwa njia ya mfuko. Kwa hakika tulikutana nayo kwanza sokoni, ikiwa upande wa pili wa mizani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge kutoka Amerika. Mingi ilikufa njiani. Iliyosalimika ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo kulizaliwa mashamba yaliyoibadili sura ya Tanga, Morogoro na Kilimanjaro, yakawavuta manamba kutoka kila upande wa nchi na nje yake, na kuifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkuu wa mkonge duniani. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia takribani tani 230,000. Singa hizo zilisokotwa kamba za meli, zikafumwa magunia, na zaidi ya yote zikawa kamba za kufungia nyasi kavu katika mashamba ya Ulaya na Amerika Kaskazini.

Miaka kumi kabla ya kilele hicho, mwaka 1954, wanakemia wa Italia wakiongozwa na Giulio Natta walikuwa wametengeneza plastiki iitwayo polipropilini. Haikuchukua muda kabla viwanda havijagundua kwamba plastiki hiyo inaweza kuvutwa ikawa uzi, na uzi ukasokotwa kamba: nyepesi, isiyooza na ya bei ya chini. Bei ya mkonge ilianza kuporomoka katikati ya miaka ya 1960. Ni kweli kwamba tulikuwa na makosa yetu ya ndani katika uendeshaji wa mashamba baada ya kutaifishwa mwaka 1967, na wanahistoria wameyajadili kwa kina. Lakini hakuna uongozi wa shamba, wa umma au wa binafsi, ambao ungeweza kuirudisha bei iliyouawa na maabara.

Nimekulia katika kambi ya shamba la mkonge mkoani Tanga, katika miaka ya 1980, wakati ambapo korona ilisaga kwa siku chache tu za juma na wazee waliokuja wakiwa vijana wenye nguvu walikuwa wakisubiri mafao yao barazani. Nakumbuka kwamba hatukuwa na taka za kuzungumzia. Sukari, ilipopatikana, ilifungwa kwa karatasi ya kaki au kipande cha gazeti. Samaki kutoka pwani walifika ndani ya pakacha. Mafuta ya taa yalinunuliwa kwa chupa ya mtu mwenyewe, na nyama ilifungwa kwa jani la mgomba. Jalala lilikuwa shimo nyuma ya nyumba, na shimo likijaa, hapo hapo palipandwa mgomba.

Sisemi haya kwa kuutamani umaskini wa wakati ule; ulikuwa umaskini, na foleni za maduka ya kaya hazikuwa na raha yoyote. Nasema ili tuelewe jambo moja la msingi: mfumo wetu wa kuondoa taka ulijengwa kwa ajili ya vitu vinavyooza. Shimo lile lilitosha kwa sababu udongo ulikuwa mfanyakazi wake.

Mtoto wa ruksa

Polithini, ambayo ndiyo mali ghafi ya mfuko mwepesi, iligunduliwa kwa bahati katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, mwaka 1933. Mfuko wenye mikono miwili, ule tunaoujua, ulibuniwa na mhandisi wa Uswidi, Sten Gustaf Thulin, na hataza yake ya Marekani ikatolewa mwaka 1965. Ulibuniwa uwe imara na utumike mara nyingi. Biashara ndiyo iliyoamua kwamba utumike mara moja.

Kwetu uliingia kwa wingi pamoja na kulegezwa kwa masharti ya biashara, kuanzia bajeti ya mwaka 1984 na kuendelea katika awamu ya pili, ile ambayo wananchi waliipa jina la zama za ruksa. Bidhaa zilirudi madukani, na kila bidhaa ikaja na ganda lake. Lugha yetu imeitunza tarehe hiyo vizuri kuliko nyaraka nyingi: mfuko ule uliitwa rambo, jina linaloikumbusha filamu ya kivita ya Marekani iliyotamba katika mabanda ya video miaka hiyohiyo. Baadaye maji ya baridi yaliyofungwa katika vifuko vya nailoni yakaitwa na wakazi wa Dar es Salaam maji ya Kandoro, kwa jina la mkuu wa mkoa wa wakati huo. Pombe kali nayo ikaingia katika vifuko vidogo vilivyoitwa viroba, vikauzwa kwa bei ambayo hata mwanafunzi wa shule aliimudu.

Rambo liliashiria ukombozi wa aina fulani. Mtu aliyetoka dukani na rambo alikuwa amepata kitu cha kununua. Ndiyo maana hakuna aliyeuliza, wakati ule, ganda hilo litakwenda wapi. Na waliopaswa kuuliza, yaani mamlaka za miji, walikuwa katika hali mbaya kuliko wakati wowote tangu uhuru.

Tabata, au jinsi wananchi walivyolishtaki jalala

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kutekeleza sera ya madaraka mikoani, serikali ilizifuta serikali za mitaa. Nia ilikuwa kupeleka maendeleo vijijini. Matokeo yake mijini yalikuwa magari ya taka yasiyo na vipuri na mitaro isiyo na mwenye kuizibua. Kipindupindu kilipozuka mwaka 1977 na 1978, madhara ya pengo hilo yalionekana wazi. Mwaka 1978 halmashauri za miji zilirejeshwa, lakini zilirejeshwa zikiwa maskini, katika miaka ambayo taifa zima lilikuwa halina fedha za kigeni.

Taka za Dar es Salaam wakati huo zilimwagwa Tabata. Jalala lilikuwa pale, na makazi yakakua kulizunguka. Moshi, nzi na harufu vikawa sehemu ya maisha ya kila siku. Wakazi wakalalamika kwa viongozi, na walipochoka kulalamika wakafanya jambo lisilo la kawaida kwa wakati ule wa chama kimoja: walikwenda Mahakama Kuu kulishtaki Jiji. Shauri la Madai Namba 299 la mwaka 1988 liliamuliwa kwa upande wao, na Jiji likaamriwa kuacha kumwaga taka pale na kutafuta mahali pengine.

Halikuacha. Lilirudi mahakamani kuomba muda, na baadaye kuomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira aliukataa mwendo huo kwa maneno makali. Alishangazwa kuona mamlaka ya umma ikisimama mbele ya mahakama, bila haya, kuomba ruhusa ya kuendelea kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akasema kwamba kitendo hicho kinagusa haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Nawaomba wanafunzi wa sheria wanaosoma makala hii wasimame hapo kidogo. Hatukuwa bado na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Tulichokuwa nacho ni wakazi wa mtaa mmoja, ibara moja ya Katiba, na jaji aliyeona uhusiano kati ya moshi na uhai.

Sehemu ya pili ya kisa hicho haisimuliwi sana, nayo ndiyo yenye somo kubwa zaidi. Baada ya kuzuiwa Tabata, Jiji lilihamishia taka Kunduchi Mtongani, eneo ambalo ramani ya mipango miji ililitenga kwa makazi. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka huohuo wa 1991, nao wakashinda. Taka zikaenda Vingunguti, katika bonde la Msimbazi. Kutoka Vingunguti zikaenda Mtoni, wilayani Temeke. Kutoka Mtoni zikaenda Pugu Kinyamwezi, ambako ziko hadi sasa.

Tazama njia hiyo kwenye ramani. Kila mara jalala lilipofukuzwa lilitafuta watu wengine wa kuishi nao, na kadiri miaka ilivyokwenda lilijifunza kuwakwepa wenye uwezo wa kushtaki. Haki iliyopatikana Tabata ilikuwa haki ya kweli, lakini ilikuwa haki ya kuhamisha. Hakuna amri ya mahakama iliyoweza kupunguza hata tani moja ya kilichomwagwa, kwa sababu mahakama haikuulizwa kilichomwagwa kimetoka wapi.

Mfululizo wa marufuku

Kuanzia mwaka 1994 ukusanyaji wa taka katika baadhi ya kata za Dar es Salaam ulianza kukabidhiwa kampuni binafsi, na baadaye vikundi vya mitaani. Mwaka 2004 Bunge likapitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, iliyoipa NEMC meno na kutamka katika kifungu cha 4 kwamba kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Mwaka 2009 zikafuata Kanuni za Usimamizi wa Taka Ngumu. Kwa maandishi, tulikuwa tumepiga hatua kubwa.

Lakini kwa vitendo dola ilichagua njia nyingine, ile ya katazo. Zanzibar ilitangulia. Visiwa vinavyoishi kwa bahari na wageni viliona madhara mapema, na mwaka 2006 vikapiga marufuku mifuko ya plastiki. Tatizo likawa kwamba Bara mifuko hiyo iliendelea kuwa halali, na bahari iliyowahi kupitisha karafuu haikushindwa kupitisha marobota ya rambo. Bara nako mwaka huohuo Makamu wa Rais, Dkt. Ali Mohamed Shein, alitangaza kusudio la kuipiga marufuku. Kilichopatikana baada ya hapo kilikuwa mjadala wa unene: mfuko wa maikroni ngapi uruhusiwe, upi ukatazwe. Mjadala huo ulichukua zaidi ya muongo mmoja, na mfanyabiashara wa genge hakuwa na kipimo cha maikroni.

Jirani zetu walipita njia zinazofanana, kila mmoja kwa mwendo wake. Rwanda ilipitisha sheria mwaka 2008 na kuisimamia kwa ukali hadi mipakani. Mgeni aliyeshuka kwenye basi Rusumo aliacha mfuko wake hapo. Uganda ilipiga marufuku kaveera nyembamba mwaka 2009, lakini kaveera haikuondoka. Kenya ilijaribu mwaka 2007 na 2011 bila mafanikio, hadi tarehe 28 Agosti 2017 ilipoanza kutekeleza mojawapo ya sheria kali zaidi duniani, yenye faini inayofika shilingi milioni nne za Kenya au kifungo kinachofika miaka minne. Kabla ya hapo Wangari Maathai alikuwa ameonya kwa miaka kwamba mifuko iliyotupwa hutuamisha maji na kuzalisha mbu. Wala si sisi Waafrika Mashariki tuliobuni wazo hili: Bangladesh ndiyo iliyotangulia duniani, mwaka 2002, baada ya mifuko kuziba mitaro na kuzidisha madhara ya mafuriko.

Kwetu, tarehe 9 Desemba 2015, Rais John Magufuli alifuta sherehe za uhuru na kuwataka wananchi washike mafagio. Baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikatengwa kwa usafi. Tarehe 1 Machi 2017 viroba vya pombe vikapigwa marufuku. Na tarehe 9 Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akalitangazia Bunge kwamba ifikapo Juni 1 mifuko ya plastiki itakoma.

Kanuni zilisema nini

Kanuni za mwaka 2019 zilichapishwa katika Tangazo la Serikali Namba 394, mwezi Mei, wiki mbili tu kabla ya kuanza kutumika. Zina sifa zake, na lazima zitajwe. Ziliachana na mjadala wa maikroni: kila mfuko wa kubebea wa plastiki, uwe mnene au mwembamba, ulikatazwa. Zilibakiza vifungashio vinavyohitajika katika tiba, kilimo, ujenzi, viwanda, usindikaji wa vyakula na usafi. Adhabu nazo zilipangwa kwa ngazi. Anayetengeneza au kuingiza mifuko anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 20 na isiyozidi bilioni moja, au kifungo kisichozidi miaka miwili. Anayeuza, kati ya shilingi 100,000 na 500,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Anayemiliki au kutumia, kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba.

Ukizisoma adhabu hizo mezani, zinaonekana za haki: mkubwa analipa zaidi. Ukizisoma sokoni, picha inabadilika. Mashine inayotoa vifuko inaweza kuwa ndani ya ghala lililofungwa usiku, na mzigo unaweza kuvuka mpaka ndani ya lori lenye nyaraka za bidhaa nyingine. Mama anayeuza nyanya anakaa juani, mbele ya kila mgambo anayepita. Shilingi 30,000 ni mtaji wake wote. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa kanuni hizi ni pale ambapo mtu hana mlango wa kufunga.

Kisha kuna mlango ulioachwa wazi kwa wenye maarifa. Kwa kuwa vifungashio vya bidhaa viliruhusiwa na mifuko ya kubebea ikakatazwa, kilichohitajika ni kuukata mfuko mikono yake na kuuita kifungashio. NEMC imetoa maonyo dhidi ya ujanja huu, likiwemo la mwaka 2021, na misako imefanyika. Lakini tumerudi palepale tulipokuwa wakati wa maikroni: tunabishana juu ya umbo la kitu badala ya safari yake.

Mkonge unacheka kaburini

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwangu mimi ni kitovu cha makala hii. Rambo lilipoondoka, nafasi yake ilichukuliwa na kile tunachokiita mfuko mbadala: ule wa rangirangi, unaofanana na kitambaa, ambao Shirika la Viwango limeutaka uwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa kila mita ya mraba. Watu wengi huamini kwamba ni wa kitambaa. Si wa kitambaa. Umetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini zilizobanwa pamoja kwa joto. Ni plastiki.

Ndiyo ileile plastiki iliyoiondoa singa ya mkonge katika mashamba ya Ulaya na kuzinyamazisha korona za Tanga. Tuliufukuza mfuko wa polithini kupitia mlango wa mbele, tukaikaribisha polipropilini kupitia mlango wa uani, na tukaipa jina zuri. Mfuko huo ukitumika mara mia moja, kama ulivyokusudiwa, ni nafuu ya kweli; hilo sina ubishi nalo. Ukitengenezwa hafifu na kutupwa baada ya mara mbili, ni rambo zito zaidi.

Nchi iliyowahi kuongoza dunia kwa nyuzi za asili, yenye mkonge Tanga, pamba Kanda ya Ziwa na ukili pwani nzima, ilipata mwezi Juni 2019 soko ambalo halijawahi kutokea: kila nyumba ilihitaji kikapu kwa siku moja. Wasusi wa vikapu waliuza, kwa wiki kadhaa. Lakini hapakuwa na maandalizi ya kiwanda, ya mkopo wala ya bei ambayo yangemfanya msusi wa Bagamoyo au kiwanda cha nyuzi cha Tanga ashindane na roboti zinazobana plastiki. Wiki mbili kati ya kanuni kuchapishwa na kuanza kutumika hazikutosha kuotesha mchicha, sembuse sekta ya viwanda. Marufuku ilikuwa ya mazingira. Sera ya viwanda haikualikwa kwenye kikao.

Taka ni za nani?

Narudi kwenye swali la mwanzo. Tulikataza mfuko, na katazo lilifanya kazi kwa kiasi ambacho katazo linaweza kufanya. Lakini chupa ya maji haikuguswa, wala kifuko cha sabuni, wala ganda la biskuti. Vitu hivi vina mmiliki kabla ya kuuzwa, na mmiliki huyo ana nembo, mahesabu na ofisi. Vikishanunuliwa vina mmiliki mwingine kwa dakika kumi. Baada ya hapo havina mwenyewe, na mzigo wake unawaangukia watu watatu: mlipa ushuru wa taka wa mtaani, ambaye hulipa hata gari lisipopita, jirani wa jalala la Pugu, na mwokota chupa.

Huyu wa mwisho ndiye anayestahili heshima zaidi katika historia hii. Urejelezaji wote wa chupa nchini unaanza mgongoni kwake. Anaokota, anachambua, anauza kwa kilo, na bei anapangiwa na mnunuzi. Hana mkataba, glavu wala bima, na katika mitaa mingi huitwa mwizi kabla hajaitwa mfanyakazi. Tungelazimika kumlipa kwa kazi anayoifanyia jamii bure, ndipo tungejua gharama halisi ya chupa moja ya maji.

Kenya, katika Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, imeandika kanuni kwamba mzalishaji anawajibika kwa ganda la bidhaa yake hata baada ya kuuzwa. Utekelezaji wake una mivutano, kama ilivyotarajiwa, lakini swali la umiliki limeandikwa ndani ya sheria. Katika ngazi ya dunia, mataifa yalikubaliana jijini Nairobi mwezi Machi 2022 kuandaa mkataba wa kimataifa wa plastiki. Mazungumzo ya Busan mwaka 2024 na ya Geneva mwezi Agosti 2025 yaliisha bila makubaliano, na kilichoyakwamisha zaidi ni swali lilelile: je, tupunguze plastiki inayozalishwa, au tuendelee kusimamia taka tu? Nchi zinazozalisha mafuta hupendelea la pili. Sisi, kwa kuadhibu kiganja kilichoshika mfuko na kukiacha kiwanda cha chupa, tumekuwa tukilijibu kama wao bila kujua.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, ombi langu ni la kawaida kabisa. Halmashauri zichapishe kila mwaka kiasi cha ushuru wa taka zilichokusanya, tani zilizofika dampo, na faini zilizotozwa chini ya kanuni za 2019 kwa kila ngazi: wangapi walikuwa watengenezaji, wangapi wauzaji, wangapi wabebaji. Takwimu hizo zikiwekwa wazi, mjadala wa elimu kwa umma utaisha wenyewe, maana tutaona nani hasa aliyeadhibiwa. Kwa wanaharakati, nasema kwamba kampeni ya kuokota taka ufukweni ni njema, lakini mnapookota andikeni nembo mnazozikuta. Orodha hiyo ina nguvu kuliko picha. Na kwa wanafunzi, kasomeni mashauri ya Tabata na Kunduchi. Yana kurasa chache na yatawafundisha kwamba haki ya mazingira nchini mwetu haikuletwa na wafadhili; ilidaiwa na watu waliochoka kuvuta moshi.

Wale wa Tabata waliuliza kwa nini jalala liko hapa. Lilikuwa swali sahihi kwa mwaka 1988, na lilipata jibu la mahakama. Swali la kizazi chetu ni kwa nini jalala lipo, na ni nani anayepata faida kila linapokua. Hilo bado halijafikishwa mbele ya jaji yeyote. Wakazi wa Pugu wana ibara ileile ya 14, pamoja na kifungu cha 4 ambacho wenzao wa Tabata hawakuwa nacho.

Mjadala uendelee.